Protini Kwenye Kikwembe

Thamesmead, London, tarehe 11 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na majirani wote wa Kadutu. Goti linasemaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukipanda kilima kutoka sokoni, na najua hujaenda kwa daktari. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa imenipa mafua mara mbili, ila yamepita.

Naandika kwa mkono na kuipiga picha karatasi, kama unavyotaka. Mama Gires, mwenye nyumba ninayokaa, hucheka kila akiniona na kalamu. Anasema wewe ndiye mtu wa mwisho duniani anayekataa kutumiwa sauti kwenye simu.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Protini yangu imeonekana.

Najua utasema, protini gani tena, si ile ya maharagwe na ndagala. Ngoja nikueleze vizuri, maana kila nikikueleza kwenye simu mtandao unakata, na wewe unabaki unajibu "ndiyo mtoto wangu, ndiyo" kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha asiyoijua.

Mwili wa kila kilicho hai hufanya kazi kwa protini. Ndizo zinazobeba hewa kwenye damu, ndizo zinazosaga chakula tumboni, ndizo zinazovuta msuli wako ukikanyaga cherehani. Kila protini huanza kama uzi wa shanga. Shanga zenyewe ni za aina ishirini, zinaitwa asidi amino, na mpangilio wake ndio unaotofautisha protini hii na ile. Lakini uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni mpaka ujikunje, ujisokote, upate umbo lake hasa. Ukijikunja vibaya kazi haifanyiki, na mara nyingine mtu anaugua.

Yangu ni ya mdudu wa malaria. Tukijua umbo lake, wanaotafuta dawa watajua pa kuishika. Ni ndogo mno, haionekani kwa hadubini ya kawaida. Tunaigandisha kwenye barafu nyembamba, tunaipiga picha kwa hadubini ya elektroni, picha maelfu kwa maelfu, kisha kompyuta inaziunganisha. Miaka yote hii nilikuwa napata ukungu tu. Jumanne nikafungua kompyuta, nikaona misokoto! Nililia palepale. Profesa Kalpana, msimamizi wangu, yule niliyekuambia wazazi wake walikuwa na duka Kisumu na sasa wanakaa Kenton, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Haya basi, mama, imekuja." Hajawahi kuniita mama.

Nakutumia picha. Rangi nimepaka mwenyewe, misokoto bluu na mikanda bapa njano. Bado ina ukungu kidogo, tutaisafisha. Lakini nilitaka wewe uione kabla ya ndugu wengine wote.

Binti yako,
Reine


Bukavu, tarehe 2 Machi 2024

Reine mtoto wangu, Nsimire wa kaka yangu,

Amani ya Mungu iwe nawe huko kwenye baridi. Mimi niko, goti liko, sote wawili tunaendelea. Vaa soksi za sufu, siyo zile zenye maua. Mafua mara mbili ni uzembe.

Picha nimeipata. Eh! Eh! Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yameuma. Nimempelekea yule mpiga picha wa karibu na soko, amenichapia kwenye karatasi nene, nami nimeitundika juu ya cherehani, palipokuwa na kalenda. Kila anayekuja kupimwa nguo anauliza, "Mama Generosa, haya ni mapambo ya arusi ya nani?" Naiweka chaki chini, nakaa wima, nasema: hii ni protini ya Reine.

Mama Thérèse naye alikuja. Unamjua Mama Thérèse, anayekaa benchi la mbele kanisani, ambaye mtoto wake Adolphe yuko Ubelgiji na sote tunaambiwa kila Jumapili kwamba yuko Ubelgiji. Ndiye aliyekuwa anatangaza kwamba weye huko London unaosha wazee tu, masomo ni hadithi ya kufurahisha ndugu. Nilishamjibu zamani kwamba kuosha wazee siku za Jumamosi si aibu, yeye mwenyewe ataoshwa siku moja. Basi, akaitazama picha. Akanyamaza. Mtoto wangu, sijawahi kumwona Mama Thérèse akinyamaza hata kwenye maziko.

Sasa nijibu swali moja, maana watu wananiuliza na sitaki kubahatisha mbele ya Mama Thérèse. Nani anaukunja huo uzi? Mimi nguo haijikunji. Inataka mikono yangu, inataka pasi, na mara nyingine inataka matusi kidogo.

Jambo la pili. Wamama wa kanisa tumekaa, tumeamua. Tutafanya ibada ya shukrani, na tutavaa kikwembe cha pamoja, kitambaa kimoja sote, kama tunavyofanya mchungaji akisimikwa. Ila hatutaki maua ya kila mtu. Tunataka protini yako ndiyo iwe ua lenyewe. Nimeongea na Jules anayeuza vikwembe, anaagiza kwenye kiwanda kimoja Tanzania, wanachapa picha yoyote unayowapa. Usiniambie hapana. Mimi ndiye niliyekulea tangu wazazi wako walipotutoka, na furaha hii siwezi kuifungia kabatini.

Shangazi yako,
Generosa


Thamesmead, London, tarehe 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Soksi za sufu nimevaa, na mafua hayajarudi. Natumaini goti nalo limepata chake, ile dawa ya kuchua niliyokutumia ni ya kupaka, siyo ya kuweka kabatini kama mapambo.

Barua yako nimemsomea Mama Gires jikoni, tumecheka mpaka sufuria ya sombe ikaungua. Nikamwambia Profesa Kalpana habari ya kikwembe. Alidhani namtania. Nilipomhakikishia, akaniagiza nimwekee kipande, mama yake amshonee mto wa kochi.

Nijibu swali lako. Hakuna anayeukunja. Hapo ndipo penye maajabu, na ndiyo sababu sikuacha kazi hii hata nilipochoka nayo. Uzi unajikunja wenyewe. Fikiria arusi, hema liko katikati, na mvua inaanza. Waliotengeneza nywele jana wanakimbilia ndani ya hema wanabanana. Wanaopenda mvua, watoto na walevi, wanabaki nje. Hakuna aliyewapanga, lakini ukiangalia baada ya muda kidogo kila mtu ana mahali pake. Zile shanga nazo ziko hivyo. Kuna zinazoogopa maji, zinakimbilia katikati. Kuna zinazopenda maji, zinakaa nje. Nyingine zinavutana, zinashikana mikono. Na kwa sababu zote ziko kwenye uzi mmoja, zikikimbia zinauvuta uzi, na uzi unapata umbo. Protini nyingi hufanya hivyo kufumba na kufumbua, na kila mara umbo ni lile lile.

Ukitaka kuona umbo likivunjika, chemsha yai. Ute unakuwa mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimefumuka kwa moto, zikanasana ovyo. Ukilipoza halirudi.

Kuhusu kikwembe, nakuomba umwambie Jules asubiri kidogo. Picha bado ina ukungu, na tukipata iliyo safi itapendeza zaidi. Lakini nakujua. Naandika haya nikijua kwamba umeshaituma.

Binti yako,
Reine


Bukavu, tarehe 16 Juni 2024

Reine wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tunakula, tunalala, mvua imeisha na vumbi limeanza. Goti nimelipaka dawa yako, linanuka kama hospitali, ila napanda kilima. Na weye, unakula vizuri? Sura yako kwenye picha ya mwisho imekonda upande mmoja.

Barua yako ya kusubiri ilinikuta nimeshaituma, kama ulivyosema. Usinilaumu, hebu jaribu weye kumsimamisha Jules ukishampa wazo.

Vikwembe vimefika! Rangi ya chini ni damu ya mzee, na juu yake protini yako, bluu na njano, kubwa kama sahani, moja hapa, moja pale, mpaka mwisho wa kitambaa. Pindoni wameandika: SHUKRANI KWA MUNGU, REINE NSIMIRE, LONDON. Kwa upande wa nyuma rangi imepenya lakini imepauka, ndivyo vilivyo vikwembe vya kuchapisha. Upande wa mbele, mtoto wangu, unawaka. Nilivyokifungua kifurushi sokoni watu waliacha kununua nyanya.

Tumeshakata, tumeshashona. Kwaya wana magauni, wamama wana vitenge na blauzi, wanaume wamepewa mashati. Hata Mama Thérèse amechukua, tena amechukua cha kutosha gauni na kilemba. Habari ya hema na mvua niliieleza kwenye kikao, watu wakaelewa kabisa. Mama Thérèse akaniuliza, "Na wewe Generosa, ungekuwa shanga gani?" Nikamwambia mimi ndiye mwenye hema.

Ibada itakuwa Jumapili tarehe moja mwezi wa tisa. Mchungaji anataka uandike neno fupi litakalosomwa mbele. Andika vizuri, na usijishushe, una tabia hiyo. Siku hiyo ni yako.

Shangazi yako mwenye hema,
Generosa


Thamesmead, London, tarehe 21 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti limetulia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauko sawa. Nimeanza kuandika hii barua na kuichana, nikaanza tena, kwa hiyo niruhusu niseme moja kwa moja.

Picha niliyokutumia ina kosa. Protini ni ile ile, lakini kila kitu kimegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo. Kosa ni langu, si la kiwanda wala la Jules.

Nikueleze lilivyotokea. Hadubini yetu inatupa kivuli cha protini. Washa taa nyuma yako, nyoosha mkono mbele ya ukuta, tazama kivuli tu. Ni mkono wa kulia au wa kushoto? Kivuli hakikuambii. Kompyuta inakusanya vivuli vyote inajenga umbo, na inaweza kulijenga la kulia au la kushoto, yote mawili yanakubaliana na vivuli. Picha ikiwa safi unajua mara moja, kwa sababu misokoto ya protini za mwilini, karibu yote, huzunguka kwenda kulia, kama skrubu ya kawaida. Yangu ilikuwa na ukungu. Nililichukua umbo lililokuja kwanza, nikachora misokoto juu yake kwa furaha, na sikukagua. Wiki iliyopita tumepata picha safi. Nikaufuata msokoto wa kwanza, unakwenda kushoto. Wa pili kushoto. Wote kushoto.

Nilikuwa peke yangu maabara. Kuigeuza kwenye kompyuta ni kubonyeza tu, na ningeweza kubonyeza nikanyamaza. Lakini ile picha mbaya nilikuwa nimeshaionyesha kwenye mkutano wa idara, na kuna wenzetu Ujerumani walishaanza kuitumia kutafuta dawa. Wangekuwa wanatafuta mlango kwenye ukuta usio wenyewe. Nikaenda kwa Profesa Kalpana nikamwambia. Akavua miwani, akasema hata yeye alipaswa kuona. Siku hiyo hiyo tuliwaandikia wote. Kazi haijapotea, Shangazi. Umbo tumeligeuza na limekaa vizuri. Kilichobaki ni kikwembe.

Najua Bukavu hakuna ambaye angegundua. Nililifikiria hilo sana. Halafu nikaikumbuka sketi yangu ya shule, ile niliyoipinda mwenyewe, pindo likaenda mrama kwa ndani. Ulichukua wembe. Nikakuambia kwa ndani hakuna atakayeona. Ukaniambia, "Wewe si umeona?" Ukafumua yote.

Ukiahirisha ibada nitaelewa. Ukifuta kabisa nitaelewa pia. Neno la kusomwa siwezi kuliandika sasa. Kinachoniuma ni wewe. Umesimama mbele ya watu wote kwa ajili yangu, na mimi nimekupa kitu kilichogeuka ukakivaa. Nisamehe.

Binti yako,
Reine


Bukavu, tarehe 4 Agosti 2024

Reine,

Nitumie picha iliyo sahihi. Leo.

Shangazi


Thamesmead, London, tarehe 4 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima. Barua yako haina salamu. Maisha yangu yote hujawahi kuniandikia bila salamu. Hata mwaka ule nilipoacha shule ya wauguzi, na ukanikasirikia mpaka majirani wakaja kuamua, ulianza kwa kuniuliza kama nimekula.

Picha ni hii. Rangi ni zile zile ili uone tofauti. Sijui unaitakia nini, na sithubutu kuuliza. Nimejaribu kukupigia, simu inaita tu.

Nimekula.

Binti yako,
Reine


Thamesmead, London, tarehe 30 Agosti 2024

Shangazi,

Nakusalimu tena. Sijui kama barua zangu unazisoma. Simu yako sasa haipatikani, na Jules nikimwandikia anasema Mama Generosa yuko, ana kazi, basi. Mama Gires ananiambia nitulie. Jana alienda mpaka soko la Walthamstow kunitafutia majani ya sombe yaliyotwangwa vizuri, akanipikia na bugali, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, kama mtoto.

Kesho kutwa ndiyo Jumapili yenyewe. Sijui kama mtaingia kanisani na vile vikwembe, au mmeviweka, au watu wanakucheka. Mama Thérèse akikucheka mwambie aniandikie mimi, nitamjibu. Sitaki wewe ubebe kosa langu hata dakika moja.

Ukiweza, niandikie neno moja tu. Hata la hasira.

Binti yako,
Reine


Bukavu, tarehe 3 Septemba 2024

Mtoto wangu mpenzi Reine, Nsimire, binti wa kaka yangu, dokta wa protini,

Nakusalimu asubuhi, nakusalimu mchana, nakusalimu jioni. Hujambo? Umelala? Umekula? Mafua? Haya, deni la salamu nimelimaliza, usininung'unikie tena.

Nianze na kweli. Nilikasirika. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Si kwa kukosea kwako, kila fundi anakosea. Nilikuwa namwona Mama Thérèse kichwani mwangu akitabasamu. Ni kiburi changu, ndiyo hivyo. Siku kadhaa nilikuwa nafua tu.

Halafu nikajaribu lile gauni langu mbele ya kioo, kuona kama kweli ni baya. Halikuwa baya hata kidogo, likanikasirisha zaidi. Nikalivua nikalitupa kwenye kiti, likaanguka ndani nje. Nikakaa nalitazama, na juu ya cherehani iko ile picha yako ya ukutani. Nikatazama gauni, nikatazama ukuta. Protini ya ukutani imeelekea huku, ya kwenye gauni imeelekea kule. Rangi imepauka, lakini mistari yote ipo, imepenya.

Reine, nilipiga kelele peke yangu nyumbani.

Ndiyo maana nilikuandikia bila salamu, nilikuwa na haraka! Ulipotuma picha mpya nikaiweka simu juu ya upande wa nyuma wa kitambaa. Nikafuata msokoto kwa kidole kwenye simu, nikafuata kwa kidole kwenye kitambaa. Vyote viwili vinapanda kulia. Nimefuata mmoja mmoja, weye unanijua.

Nikawaita wamama. Nikawaambia yote, kivuli, kioo, kulia na kushoto, nikawaonyesha kwa taa na ukuta. Mama Thérèse akanyoosha shingo. "Kwa hiyo Reine alikosea?" Nikamwambia ndiyo, alikosea. "Na nani amegundua?" Nikamwambia ni yeye mwenyewe, na akawaambia wakubwa wake mwenyewe, na akaniambia mimi, wakati angeweza kunyamaza na wewe na mimi tungezeeka na kikwembe chetu tunafurahi. Nikamwuliza ni wangapi kwenye chumba hiki wangesema. Akainama akafungua mkoba wake. Nilidhani anaondoka. Akatoa wembe, akalivuta gauni lake magotini, akaanza kufumua.

Tulifumua yote. Hatukutaka kuvaa mishono nje kama watu waliokimbia moto. Tulifungua kola, zipu, mifuko ya mashati ya wanaume, tukageuza kila kipande, tukashona upya. Nyumba yangu ilijaa nyuzi, hata kwenye bugali tulizikuta. Mama Thérèse anafumua vizuri, lazima niseme, hachani kitambaa. Simu niliizima kwa sababu najijua, ungepiga mara moja ningekuambia yote, na nilitaka kwanza tufike Jumapili.

Tukafika. Kanisa zima limevaa protini yako, upande wa nyuma. Imepauka, ndiyo, ukilinganisha na ule moto wa upande wa mbele. Wageni wakawa wananong'ona, hawa wamama wamenunua kikwembe cha zamani? Mchungaji akaniita kusema neno mahali pa lako ambalo hukuandika. Nikapanda na goti langu. Nikasema hivi, nakuandikia kama nilivyosema:

"Mnaona kikwembe kimepauka, ni kwa sababu tumekigeuza. Mtoto wetu alituletea picha nzuri yenye kosa. Akaliona kosa, akalisema, akiwa mbali, peke yake, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anamtazama. Siku ile picha ilipofika nilijivuna, mlinisikia, nilisumbua mtaa mzima. Leo najivuna zaidi. Yule niliyemfundisha kupinda sketi amefika mpaka huko, na mikono yake bado ni safi."

Vigelegele, mtoto wangu! Kwaya hawakungoja kinanda. Na aliyeanza vigelegele, usidhani ni mimi, ni Mama Thérèse. Baadaye nilimsikia nje anamweleza mgeni mmoja habari ya hema na mvua kana kwamba aliiona yeye.

Limebaki moja. Jina lako pindoni sasa linasomeka kinyumenyume. Jules alitaka tulikate. Nimemkataza. Nimemwambia jina likae hivyo hivyo, bora protini iko sawa.

Gauni lako nimelishona kwa vipimo vya zamani, na nimeacha nafasi kiunoni kwa sababu nina matumaini. Dada yake Mama Gires anasafiri kuja huko mwezi ujao, amekubali kulibeba pamoja na kile kipande cha mto wa profesa wako.

Shangazi yako,
Generosa


Thamesmead, London, tarehe 24 Novemba 2024

Shangazi wangu,

Nakusalimu kwa salamu zako zote, za asubuhi, mchana na jioni, nami nimekula, nimelala, sina mafua. Goti lipumzike sasa, limepanda vya kutosha.

Gauni lilifika. Barua yako ya Septemba nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Mara ya kwanza niliisoma kwenye treni, nikalia mbele ya watu, mzungu mmoja akanipa leso na kuangalia pembeni.

Alhamisi ndipo nilipowasilisha kazi yangu mbele ya wakubwa wa chuo na wageni. Nilianza na picha ya kwanza, ile ya kushoto, nikawaonyesha kosa langu kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikawaonyesha iliyo sahihi. Wale wa Ujerumani walikuwepo, wamesema tulivyowaandikia mapema tumewaokoa wasitupe kazi ya mwaka mzima. Profesa Kalpana alikaa mbele na mama yake kutoka Kenton. Mama yule alikuwa amevaa sari, amekumbatia ule mto wa kochi uliotokana na kipande chako, naye ameushona upande uliopauka ukiwa nje.

Kabla sijaanza, mzee mmoja wa chuo, mwenye jina kubwa kwenye mambo haya, alinisogelea akaniambia kwa upole sana kwamba anadhani gauni langu limegeuka, maandishi ya chini yanasomeka nyuma mbele. Nikamwambia ndiyo, limegeuka, aangalie picha. Akavaa miwani. Akaufuata msokoto mmoja kwa kidole hewani, toka chini mpaka begani kwangu. Akasema, "Kulia." Akaufuata mwingine. Akarudi kukaa akiwa anatabasamu, na nikamwona anamnong'oneza jirani yake, naye akavaa miwani.

Jioni narudi, nimesimama kituo cha Abbey Wood, mama mmoja wa kwetu akanivuta mkono. Nilimjua kwa kilemba kabla hajasema. Akaniambia polepole, watu wasisikie, "Binti, pole, gauni umelivaa ndani nje. Ona, hata jina limegeuka. Ingia pale chooni ulirekebishe, nitakushikia mkoba."

Nikamwambia aksanti sana mama, najua. Jina ni langu. Shangazi yangu ndiye aliyelishona hivi.

Nikavua koti, kwa baridi ile, ili aone vizuri.

Binti yako,
Reine